Rhodes kwa miguu, mpaka Katanga

Gati la meli za kitalii la Rhodes, kisiwa cha Ugiriki, liko chini ya ukuta wa mji wenyewe. Ukishuka ngazi ya meli unauona huo hapo, mawe ya rangi ya mchanga, na lango la karibu ni mwendo wa dakika kumi hivi kwa mtu asiye na haraka. Kwa hiyo nilipoona kwenye ratiba kwamba wanauza matembezi ya mji mkongwe kwa bei ambayo Tanga ingelisha nyumba nzima kwa wiki, nilimwambia wifi yangu tuache, tutakwenda wenyewe. Hakubisha. Aliuliza moja tu: "Na meli ikituacha?"

Ni swali la mtu mwenye akili. Meli humsubiri aliyekwenda na basi lao, kwa sababu basi likichelewa lawama ni yao, aliyejiendea hasubiriwi. Lakini hofu hiyo inamfaa zaidi anayetaka kwenda Lindos, kilomita 50 hivi kusini kwa barabara inayojaa mabasi. Mji mkongwe wa Rhodes umezungukwa na ukuta wa kama kilomita nne tu, na ukipanda mahali palipoinuka unaiona bandari na mabomba ya moshi ya meli yako. Kupotea utapotea, ila huwezi kupotelea mbali.

Yapo mambo ya maandalizi, nayasema mapema niyamalize. Mwenye pasipoti ya Tanzania au Kenya aangalie viza yake ya Schengen, ile moja inayotumika katika nchi nyingi za Ulaya, imeandikwa kuingia mara ngapi. Safari nyingi za Bahari ya Aegean hugusa Kuşadası au bandari nyingine ya Uturuki, na Uturuki haimo katika Schengen: ukitoka Ugiriki ukaenda Uturuki kisha ukarudi Rhodes, umeingia mara ya pili, na viza ya kuingia mara moja imekwisha kazi. Uturuki nayo ina masharti yake. Halafu tangu Julai 2025 Ugiriki inatoza ada kwa kila abiria anayeshuka, euro 20 kwa Mykonos na Santorini wakati wa msimu mkuu, euro 5 kwa bandari nyingine. Meli huiweka kwenye hesabu yako, usishangae. Jambo zuri ni saa. Kuanzia mwisho wa Machi hadi mwisho wa Oktoba saa za Ugiriki ni sawa na za Afrika Mashariki. Mimi niliyetoka Brussels ndiye niliyesogeza saa; wifi, aliyekuja na saa yake ya Tanga, hakugusa kitu.

Karibu kila mwongozo humwambia mgeni aende kwanza Kasri la Mkuu na Mtaa wa Mashujaa, watawa wapiganaji waliokitawala kisiwa zamani, kisha ashuke sokoni, kisha akibakiwa na nguvu apitie upande wa mashariki. Sisi tuligeuza, na naona ndivyo inavyopasa. Sababu ya kwanza ni watu: vikundi vyenye bendera na vipaza sauti hupanda juu asubuhi, na upande wa mashariki unabaki mtupu. Sababu ya pili ni rafiki yangu mzaliwa wa Lubumbashi, Katanga, kusini mwa Kongo, ambaye ni jirani yangu Brussels. Alipojua ninakwenda Rhodes hakuniagiza mafuta ya zeituni wala sumaku ya kubandika kwenye friji. Alisema: "Ukifika kule, tafuta majina ya bale bantu ba Katanga."

Tuliingia kwa Lango la Bikira. Ndani yake tu kuna gofu la kanisa la Bikira wa Mji, la karne ya 14: kuta zipo, madirisha marefu yapo, paa hakuna. Hatua chache mbele ni Uwanja wa Mashahidi wa Kiyahudi. Una chemchemi yenye sanamu za shaba za farasi wa baharini, miti ya kivuli, migahawa miwili mitatu inayopanga viti, na katikati nguzo ya jiwe jeusi lenye pande sita. Mtu anaweza kunywa kahawa yake pale, akalipa, akaondoka bila kuisoma. Asubuhi ile wengi walifanya hivyo.

Mtaa huu ulikuwa wa Wayahudi. Walikuwapo Rhodes tangu zamani za kale, lakini wengi waliokuja kuupa mtaa sura yake walikuwa kizazi cha wale waliofukuzwa Hispania mwaka 1492, na Kihispania chao cha kale, Kiladino, walikizungumza hapa kwa zaidi ya miaka 400. Julai 1944, wakati Wajerumani wanashikilia kisiwa, wanaume waliamriwa kufika na vitambulisho vyao, kisha wanawake na watoto wakaambiwa wawafuate na vitu vyao vya thamani. Tarehe 23 walitembezwa hadi bandarini, wakapakiwa kwenye matishari, wakavushwa hadi Piraeus, bandari ya Athens, na kutoka Athens wakapakiwa katika mabehewa ya mizigo. Walifika Auschwitz, kambi ya mauaji ya Wajerumani huko Poland, tarehe 16 Agosti. Walikuwa zaidi ya 1,600 kutoka Rhodes pekee. Waliobaki hai ni kama 150. Katika safari yote ile ndefu ya kupeleka watu kwenye kifo, kituo cha kwanza kilikuwa bandari hii hii.

Yupo pia Selahattin Ülkümen, balozi mdogo wa Uturuki kisiwani wakati ule. Alikwenda kwa Wajerumani akawadai wenye uraia wa Uturuki na wenzi wao wa ndoa, akishikilia kwamba ni watu wa nchi isiyokuwa vitani nao. Aliwatoa watu zaidi ya 40. Baadaye nyumba ya ubalozi ilipigwa bomu na mkewe akafa kwa majeraha. Sikumsikia akitajwa na kiongozi yeyote wa vikundi tulivyopishana navyo mchana, nami nilitega sikio kwa makusudi.

Sinagogi la Kahal Shalom liko uchochoro wa nyuma tu ya uwanja. Limejengwa mwaka 1577 na ndilo kongwe kuliko yote yanayotumika Ugiriki. Kwa nje hulidhanii kitu. Ndani sakafu ni ya kokoto nyeusi na nyeupe zilizopangwa kwa nakshi, taa zinaning'inia, na ukumbi ni mdogo kuliko nilivyofikiri. Vyumba vya pembeni, ambako zamani wanawake walikaa wakati wa sala, sasa ni makumbusho: picha za harusi, nguo, hati za ndoa, madarasa ya watoto waliovaa sare. Jumamosi hufungwa, na majira ya baridi pia, kwa hiyo tazama siku meli yako inayotia nanga.

Hapo ndipo majina yalipo. Kuna ubao wa majina ya koo zilizoangamizwa, na ukiusoma taratibu unaanza kuona kile rafiki yangu alichokuwa akikisema, maana koo zilezile zilikuwa na matawi Afrika. Mwanzoni mwa karne ya 20 kisiwa kilikuwa maskini na vijana walikuwa wengi. Kampuni ya Union Minière ilikuwa imeundwa mwaka 1906 kuchimba shaba ya Katanga, reli ikitokea kusini ikafika Elisabethville, Lubumbashi ya leo, mwaka 1910, na mji mpya wa migodi ulihitaji wauza nguo, unga na samaki. Vijana wa Rhodes walikwenda. Mmoja alimvuta nduguye, ndugu akamwita binamu, binamu akaandika nyumbani kuomba mchumba. Wengine waliishia Salisbury, Harare ya leo. Italia, iliyokuwa ikitawala kisiwa tangu 1912, ilipotangaza sheria za ubaguzi dhidi ya Wayahudi mwaka 1938, waliokuwa na ndugu Kongo walikuwa na mahali pa kukimbilia. Rabi wa Elisabethville aliyekaa kuliko wote, Moïse Levy, alikuwa mzaliwa wa Rhodes. Alifika Katanga mwaka 1937 akahudumu zaidi ya nusu karne. Wenyeji wa Lubumbashi wa umri wa mama yangu wanakumbuka maduka yao na Kiswahili chao.

Nilimweleza wifi haya tukiwa tumekaa kwenye benchi la ua, nikaona yanampita. Ni ya mbali, ni ya kusikitisha, na kiu ilikuwa imemshika. Nikamwambia: miongoni mwa waliokimbia sheria zile alikuwapo Nissim Soriano. Alikwenda Katanga, upande wa mto Luapula, akafanya biashara ya samaki, akazaa na mwanamke wa kule. Mwana wao ni Moïse Katumbi.

"Katumbi yupi?"

"Wa Mazembe."

Wifi ana wana watatu, wote wagonjwa wa mpira. Hakuna mama wa nyumba ya namna hiyo asiyeijua TP Mazembe: ndiyo iliyomchukua Mbwana Samatta kutoka Simba mwaka 2011, ndiyo aliyofunga nayo mabao katika fainali ya Ligi ya Mabingwa Afrika ya 2015, na ndiyo aliyokuwa akiichezea alipopata tuzo ya mchezaji bora wa Afrika anayecheza ndani ya bara, kabla hajaenda Genk, Ubelgiji. Katumbi amekuwa rais wa klabu tangu 1997, akawa gavana wa Katanga toka 2007 hadi 2015, na mwaka 2023 aligombea urais wa Kongo akashika nafasi ya pili. Wifi alisimama akarudi ndani ya sinagogi. Safari hii alisoma kila kitu, na aliniita mara mbili nimtafsirie.

Hapa ndipo ninapoona faida ya kwenda mwenyewe, na si suala la euro. Anayekuongoza hana sababu ya kukutajia Luapula. Amepewa saa tatu na watu 40, anasema yanayowahusu wengi, na walio wengi katika meli hizi ni Wajerumani, Waingereza na Wamarekani. Historia yetu haimo katika karatasi yake. Ukitaka kuikuta lazima uende na swali lako mfukoni.

Kutoka pale tulifuata njia ya Aristotelous hadi uwanja wa Hippocrates, tukanunua maji, tukaanza kupanda Sokratous, mtaa wa soko. Sokoni kwenyewe sina la kusema. Mikoba ya ngozi, sifongo za baharini, fulana. Nyuma yake ndiko kwenye utamu: acha soko uingie kushoto, na ndani ya dakika moja uko katika vichochoro ambavyo mtu wa Lamu angevitembea usiku bila taa, kuta ndefu, milango mizito, paka juu ya kila ngazi. Kati ya nyumba na nyumba, juu ya kichwa, kuna matao madogo ya mawe. Si urembo. Kisiwa hiki hutetemeka, na matao yanazishikiza nyumba zisiangukiane. Chini ni kokoto zilizosimamishwa wima. Vaa viatu vyenye soli nene, ndala ziache melini.

Juu ya Sokratous ndipo ulipo msikiti wa Süleyman, wa rangi ya waridi. Sultani Süleyman wa Waosmani, dola ya zamani ya Uturuki, aliuzingira mji mwaka 1522 kwa miezi sita. Waliokuwa ndani ni Mashujaa wa Mtakatifu Yohana, watawa wapiganaji waliokitawala kisiwa tangu 1309 na waliowahi kuwashinda Waosmani mwaka 1480. Mara hii hawakuweza. Sultani aliwaacha watoke na silaha zao, na siku ya kwanza ya 1523 wakapanda meli. Baada ya miaka kadhaa ya kutangatanga walipewa Malta. Msikiti wa kwanza ulijengwa baada ya ushindi, huu wa sasa ni wa 1808. Tuliukuta umefungwa. Lakini mkabala wake kuna maktaba ya Hafız Ahmed Ağa, iliyowekwa wakfu mwaka 1793, ina ua wa kivuli na miswada ya Kiarabu, Kiajemi na Kituruki. Tulikaa pale kuliko mahali popote isipokuwa sinagogi. Wifi, ambaye babu yake alikuwa na chuo cha Kurani, aliziangalia zile herufi kwa muda mrefu akasema mwandiko ni mzuri kuliko wa babu, Mungu amrehemu.

Waislamu bado wapo Rhodes, elfu chache, wanaozungumza Kituruki. Watu hushangaa kusikia hivyo, kwa sababu mwaka 1923 Ugiriki na Uturuki zilibadilishana watu, Waislamu wakaondoka Ugiriki na Wakristo wakaondoka Anatolia. Rhodes ilisalimika kwa kuwa wakati huo ilikuwa mikononi mwa Waitaliano na haikuhusika. Ugiriki yenyewe ilikipata kisiwa baada ya vita, kwa mkataba wa 1947. Na zamani za Waosmani mambo yalikuwa kinyume cha anavyodhani mgeni: Wagiriki Wakristo hawakuruhusiwa kuishi ndani ya ukuta. Walifanya kazi mchana, jioni wakatoka, malango yakafungwa. Ndani walilala Waislamu na Wayahudi. Mji ambao leo unauzwa kwa picha za mashujaa wa msalaba ulikuwa, kwa karibu miaka 400, mji wa watu hao wawili.

Kasri la Mkuu nalitaja kwa kifupi kwa sababu silipendi. Jengo la asili liliharibika mwaka 1856, radi ilipoipiga baruti iliyokuwa imesahauliwa chini ya kanisa la jirani, mlipuko ulioua mamia ya watu. Hili lililopo ni kazi ya Waitaliano, lilimalizika 1940, wakikusudia mfalme Victor Emmanuel III na Mussolini wapumzikie. Sakafu zake nzuri za vipande vya mawe zimeletwa kutoka kisiwa cha Kos. Ni kubwa, ni safi, na foleni yake jua la saa sita haina huruma. Kama una hamu ya kuingia mahali pa tiketi, nenda chini kwenye hospitali ya mashujaa, iliyoanza kujengwa 1440, sasa makumbusho ya kale. Ukumbi wa wagonjwa wa ghorofani peke yake unatosha, na yule Aphrodite mdogo wa marumaru, sanamu ya mungu wa kike wa Wagiriki wa kale, anayechutama akizipekua nywele zake yuko hapo. Mtaa wa Mashujaa unateremka toka kasri hadi hospitali, kama mita 200, nyumba za Wafaransa, Wahispania na Waitaliano kwa safu, zimetengenezwa zikang'aa mno hata zinafanana na jukwaa la maigizo.

Bure kabisa, na karibu tupu, ni handaki. Ukitokea Lango la d'Amboise unaweza kuteremka ukatembea chini, ukuta wa ndani upande mmoja na wa nje upande mwingine, na risasi za mizinga za mawe ya mviringo zimelala majanini. Ndipo unapofahamu kwa nini Süleyman alihitaji miezi sita.

Mwisho tulitokea Mandraki, bandari ndogo ya kale yenye vinu vitatu vya upepo. Mdomoni mwake kuna nguzo mbili, juu yake paa dume na paa jike wa shaba. Wauza picha watakuonyesha jitu la shaba limesimama pale miguu imetanuka na merikebu zinapita katikati. Jitu lilikuwapo kweli: kazi ya mchongaji Chares wa Lindos, mita 33 hivi, shukrani kwa mungu jua baada ya jemadari Demetrius kushindwa kuuteka mji mwaka 304 kabla ya Kristo. Lilianguka kwa tetemeko mwaka 226, nao kabla ya Kristo, baada ya kusimama nusu karne tu. Ila lile la kutanua miguu ni hadithi iliyozuka karne nyingi baadaye. Mita 33 za shaba hazisimami hivyo juu ya maji.

Tulirudi melini saa tisa na nusu, meli ikiondoka saa kumi na moja, kwa hiyo wifi alikuwa na muda wa kutosha kuwatumia wanawe ujumbe wa sauti. Aliwaeleza kwamba bila mji huu Samatta asingefika Genk. Jibu la yule mkubwa lilikuja kabla hatujang'oa nanga: Mama, hela za Mazembe ni za migodi, Katumbi mwenyewe alitajirika kwa kampuni ya uchimbaji, samaki wa baba yake hawamo. Wifi alinipa simu. "Mjibu," alisema, "wewe ndiye uliyenileta kwa Soriano." Nikamwandikia mpwa wangu kwamba hoja yake ya migodi ni sahihi, ila mtu haanzishi kampuni ya uchimbaji Katanga kama baba yake hakupata viza ya kwenda Katanga. Amejibu kwa aya tatu. Bado tunabishana.